Hatua Nne Kutoka kwa Mama

Mkamwana wangu akikaanga ufuta, huwa naacha kazi niliyonayo. Ufuta una tabia yake jikoni. Kwanza unanyamaza kama vile moto haujaufikia, kisha unaanza kurukaruka chunguni, na halafu harufu inatoka taratibu, inapita mlangoni, inafika hadi uani nilipokaa. Wajukuu hudhani bibi yao ameshikwa na njaa. Huwaacha wadhani hivyo. Lakini wewe unayesoma nitakueleza ukweli: harufu ile kwangu ni mtu. Ni mama yangu, kabla hajaanza kuniita kwa sauti.

Nilikulia Naipingo, kwa bibi mzaa mama. Nazungumzia miaka ya hamsini, wakati mashine kubwa za Wazungu, zilizokuja Nachingwea kung'oa pori ili walime karanga, zilikuwa zimekwisha kunyamaza. Mama aliachana na baba nikiwa mdogo, akaolewa tena Ruangwa, akawa anakuja kunitazama kila baada ya miezi michache. Kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na mwanamke akiolewa mara ya pili, mara nyingi mtoto hubaki kwa bibi yake. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi nami sikuona ajabu, ila kila siku nilikuwa nasikiliza njia.

Nimesema nasikiliza, sikusema naangalia, na hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Macho yangu yaliona vizuri sana vitu vya karibu. Nilitunga shanga ndogo kuliko punje za mtama. Bibi alipotaka kushona hakuhangaika na sindano. Aliniita tu, "Somoe, njoo na macho yako," nami nikapitisha uzi mara moja. Lakini kitu kikiwa mbali kidogo, kilikuwa rangi tu iliyomwagika. Mti ulikuwa ukijani. Mtu alikuwa nguo inayotembea.

Huenda unajiuliza kwa nini sikumwambia mtu. Nimefundisha watoto wadogo kwa miaka mingi, na hili nimewaeleza wazazi wengi kwa upole, maana nao huuliza hivyo hivyo. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni. Hajawahi kuazima macho ya mwenzake akalinganisha. Mimi niliamini kwamba dunia ndivyo ilivyo kwa kila mtu, na kwamba wenzangu waliwatambua watu kwa mbali kwa akili tu, akili ambayo mimi sikujaliwa.

Basi nilijifunza njia zangu. Bibi nilimjua kwa kuburuza mguu wa kushoto. Mjomba Saidi, kaka yake mama, nilimjua kwa tumbaku na kikohozi. Shuleni Mwalimu Benedikti alipoandika ubaoni nilisikiliza chaki ikigonga, nikashika maneno aliyoyatamka, kisha nikasubiri jirani yangu amalize kuandika ili nitazame daftari lake. Hesabu za kichwa niliongoza darasa. Za ubaoni nilikuwa wa mwisho. Mwalimu alikuwa akisema, "Somoe, wewe ni mvivu mwenye akili, na hao ndio wabaya kupita wote."

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa salamu. Kwetu mtoto wa kike akimwona mtu mzima njiani hupiga goti na kuamkia, na hainuki mpaka aitikiwe. Mimi niliwapita watu. Nilipita mbele ya wazee waliokaa barazani hatua kumi tu kutoka njiani, kichwa juu, kimya. Habari zikamfikia bibi: mjukuu wako ana kiburi. Bibi alinichapa kwa ufito wa mbaazi, si kwa nguvu, akasema hatakubali nyumba yake iitwe nyumba ya watoto wasio na adabu.

Nikaamua kumwamkia kila kitu kilichosimama. Unaweza kucheka, mimi pia siku hizi nacheka. Asubuhi moja, natoka kisimani, niliona mwanamke amesimama shambani kwa jirani, amevaa kaniki, ile nguo nyeusi ya shambani waliyovaa mama zetu. Nikatua ndoo, nikapiga goti. "Shikamoo bibi." Kimya. Nikaongeza sauti. "Shikamoo bibi!" Kimya. Sikuthubutu kuinuka. Nikabaki pale, goti linaingia mchangani, nikifikiri mwenyewe ndani ya kichwa kwamba huyu bibi ana hasira kubwa sana, mpaka niliposikia kicheko nyuma yangu. Mwanahawa wa darasani kwetu na wenzake wawili walikuwa wameniona tangu mwanzo.

"Jamani njooni! Somoe anaamkia matambara!"

Ilikuwa sanamu ya kutishia ndege. Vijiti viwili vilivyofungwa msalaba na kaniki kuukuu juu yake, mikono imenyooshwa.

"Mwambieni Bi Matambara aitikie, mtoto wa watu goti litaota mizizi!"

Kuanzia hapo nilipofika shuleni walinyoosha mikono kama vijiti na kuimba, "Shikamoo Bi Matambara!" Hata wadogo wa darasa la kwanza waliimba. Sikuwa tena na mtu wa kucheza naye. Nikajiwekea sheria yangu: kuanzia leo sitamwamkia mtu yeyote mpaka nimsikie akisema kwanza.

Wiki mbili baadaye mahindi yalianza kukomaa, na bibi akanipeleka dunguni. Dungu ni kichanja kirefu cha miti kinachojengwa katikati ya shamba. Mtoto hukaa juu yake kuamia, yaani kufukuza ndege na ngedere. Ni kazi ya upweke kwa mtoto yeyote. Kwa mtoto asiyeona mbali ni upweke mara mbili, kwa sababu hana hata ngedere wa kumwangalia. Mimi nilikuwa nagonga debe baada ya kila muda fulani, kwa kubahatisha, na kuongea na shanga zangu.

Ilikuwa siku moja isiyo ya shule. Jua lilikuwa la saa tano. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye shanga niliona, kule mbaazi zilipoishia, kitu cheusi ambacho asubuhi hakikuwapo. Kimesimama wima. Mikono imenyooshwa huku na huku.

Nikajua Mwanahawa na wenzake wamemhamisha Bi Matambara, wamemchomeka kwenye shamba letu, na sasa wamejificha kwenye mbaazi wakisubiri nipige goti juu ya dungu. Nilikitazama kile kitu kwa muda. Hakikusema kitu. Nami sikusema. Kisha, ili wajue kwamba safari hii hawanipati, nikageuka, nikakipa mgongo, nikaendelea kutunga shanga. Nakumbuka hata nilijisifu moyoni. Nilipogeuka tena baadaye, kile kitu hakikuwapo.

Jioni niliposhuka, kabla sijafika mlangoni, nilinusa ufuta. Nikakimbia. "Mama! Mama kaja!"

Bibi alikuwa amekaa peke yake. Kwenye kinu kilichofudikizwa palikuwa na kifurushi cha majani ya mgomba, ufuta wa kukaanga, kama alioniletea mama kila safari.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka na wenzake wanaorudi Ruangwa. Alikuwa na nafasi ya kulala hapa, lakini akasema alale kwa nani." Bibi hakuniangalia. "Alikuja shambani kwako, mwanangu. Akasimama kwenye mbaazi, akakunyooshea mikono. Ukamwangalia, kisha ukampa mgongo."

"Sikumwona, bibi."

"Jua la saa tano, Somoe."

"Wallahi sikumwona. Nilidhani ni Bi Matambara."

Hapo nilikosea. Bibi alisikia kwamba nimemwita mwanawe matambara. Alipoongea hakupandisha sauti. "Anayetunga shanga zile asimwone mama yake! Kiburi nilikuwa nakivumilia. Usinitilie na uongo juu yake."

Ule ufuta nilikula kidogo kidogo kwa siku nyingi, punje kwa punje, mpaka ukaanza kunuka ukale. Mama hakuja mwezi uliokuwa wake wa kuja. Wala uliofuata. Watu waliotoka Ruangwa walipita na salamu za bibi, za mjomba, na za wajomba wadogo. Zangu hazikuwamo. Na jambo baya kuliko yote ni kwamba nilianza kuamini walivyosema. Nilifikiri labda ndani yangu kuna ubaya ambao mimi mwenyewe siujui, unaoniziba nisimwone mtu ninayempenda. Nilikuwa nakaa dunguni na kuutafuta ubaya huo moyoni, nikijaribu kuushika, kama mtu anayetafuta mwiba mguuni gizani.

Kabla ya likizo ya katikati ya mwaka alikuja shuleni dresa kutoka Nachingwea. Dresa siku zile alikuwa msaidizi wa daktari, mwenye kaptula nyeupe na sanduku la dawa. Alikuja kwa ajili ya ule ugonjwa wa macho mekundu uliokuwa ukipofusha watu vijijini. Alitupanga mstari, akapindua kope zetu mmoja mmoja, na waliokuwa na vipele ndani ya kope akawapaka dawa ya rangi ya siagi. Watoto walilia kama vifaranga. Mimi kope zangu zilikuwa safi. Nikadhani nimepona.

Lakini alikuwa na kazi ya pili. Alitundika ukutani karatasi yenye alama nyeusi, kila alama kama kitana kilichobakiwa na meno matatu, kubwa juu na ndogo chini. Meno mengine yalielekea kulia, mengine kushoto, mengine juu, mengine chini. Mtoto asimame kwenye mstari uliochorwa ardhini, afunike jicho moja, aoneshe kwa kidole meno yanaelekea wapi.

Hapo pakatokea kioja. Dresa alikuwa amesimama pale pale penye karatasi, na sisi tulifundishwa kwamba mtu mzima hanyooshewi kidole. Mtoto wa kwanza akaonesha kwa kidevu. Wa pili akaonesha kwa midomo. Dresa akauliza, "Juu au kulia?" Mtoto akachongoa midomo tena, kwa adabu zaidi.

"Mwalimu, watoto wako wananibusu tu," dresa akasema. "Sielewi wanaona nini."

Mwalimu Benedikti akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akachukua boksi tupu la chaki, akakata kwa kisu kitana cha meno matatu kinachotosha kiganja. Sasa mtoto aliambiwa akishike na kukigeuza kilingane na anachokiona. Kazi ikaenda upesi.

Ilipofika zamu yangu nilisimama kwenye mstari, nikashika kile kipande cha boksi, nikatazama ukutani. Palikuwa na weupe.

"Hii ya juu kabisa," dresa akasema. "Kubwa kama nyumba."

"Ipi?"

Nyuma yangu watoto wakaanza kucheka, na mmoja akanong'ona, "Mwamkie kwanza!" Dresa hakucheka. Alitoa karatasi ukutani, akaja nayo polepole, akiishika kifuani, hatua kwa hatua. Kila hatua aliuliza, "Sasa?" Nami nikasema, "Bado." Nakumbuka viatu vyake vikisaga mchanga. Alipokuwa hatua nne kutoka kwangu, zile alama zilitoka kwenye ukungu kama watu wanaotoka mlangoni. Nikageuza kitana changu.

"Kushoto," akasema. "Sawa kabisa. Na hii?" Tukafanya mara kadhaa. Kisha akachuchumaa mbele yangu, uso wake ukawa uso. "Binti, mama yako unamtambuaje?"

"Kwa harufu ya ufuta."

Akainuka, akamgeukia mwalimu, aliyeuliza mbona natunga shanga ndogo. Alieleza kwa utulivu, nami nikasikia kila neno kwa sababu kusikia ndiyo ilikuwa kazi yangu. Alisema kuna macho yaliyoumbwa kuona karibu tu. Si uvivu, si kiburi, si laana, wala kutunga shanga si ushahidi kwamba mtoto anaona mbali. Miwani ndiyo dawa yake, hospitali kubwa wanapima, lakini mzazi ahusike. Mwalimu Benedikti alinitazama, akatazama kile kitana mkononi mwangu, akasema, "Kaa nacho." Tangu siku ile hakuniita mvivu tena, na dawati langu likawa mbele kabisa.

Bibi aliposikia alichukua sindano na uzi, akahangaika mwenyewe kuupitisha, akashindwa, akavitua chini. Asubuhi yake akamwita Mjomba Saidi. "Mpeleke kwa mama yake."

Tulitembea siku mbili. Mjomba alitangulia, akikohoa kwa makusudi kila njia ilipokata kona, nisipotee. Ruangwa tulikuta ufuta unavunwa. Miganda imeegemezwa kwenye fito ikikauka, na wanawake wanaigeuza kichwa chini juu ya majamvi, wanaipiga, punje zinamwagika. Ile harufu ilikuwa kila mahali. Kwa mara ya kwanza haikunisaidia. Wanawake wote walikuwa mama.

Kisha mmoja akasema, "Kaka Saidi," na nikajua yupi. Nikapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya kumwitikia mtoto wa jirani.

Mjomba akaeleza habari za dresa. Mama aliendelea kupiga mganda wake wa ufuta. "Macho? Huyu anayemtungia mama uzi kwenye sindano? Kaka, mtoto kanichoka, aseme kanichoka. Mimi ndiye niliyeondoka, sitamlaumu."

Mimi nilikuwa na kipande cha boksi. Nikakitoa kwenye pindo la nguo yangu, nikampa. "Mama, simama kule mbali. Geuza hivi unavyotaka. Nitakuambia meno yanatazama wapi."

Nafikiri alikubali ili tu mambo yaishe. Akaenda, akawa nguo. "Haya," akasema.

"Sioni."

Akasogea. "Haya."

"Sioni, mama."

Wanawake wengine waliacha kupiga ufuta. Mama akasogea tena, na tena, na sauti yake ikawa inapungua ukali kila alipouliza. Alipofika hatua nne, nilimwona uso. Alikuwa amekonda. "Yanatazama chini," nikasema. Akageuza. "Kulia." Akageuza haraka, kama anayetaka kuninasa. "Juu."

Akasimama hapo. Kisha akageuka nyuma, akaziangalia nyayo zake kwenye vumbi, akazirudia moja baada ya nyingine mpaka alipoanzia. Akawa tena kitu cheusi. Muda mrefu ukapita.

"Somoe," akaita kutoka kule, "hapa nimefanya nini?"

Nilikaza macho mpaka yakatoka machozi. "Sijui, mama. Naona kaniki tu."

Sikuelewa kwa nini alikuja mbio vile. Alinishika kichwa akakiminya kifuani mwake, kwenye vumbi la ufuta, akalia kilio kilichowaogopesha wanawake wenzake. Nilidhani analilia macho yangu. Nikajaribu kumtuliza. Nikamwambia dresa amesema si ugonjwa wa kufa.

Nilikuwa mama mwenyewe, nimesimama kwenye lango la shule namsubiri mwanangu, nimemnyooshea mikono, siku nilipoelewa alikuwa amefanya nini kule mbali. Na nilielewa na jambo jingine. Siku ile ya mbaazi mama aliona kila kitu. Macho yake yalikuwa mazuri kuliko ya watu wote Naipingo, aliuona mgongo wangu sawasawa, na bado alichokiona hakikuwa kweli. Hakuniita kwa sababu alidhani mtoto anayempenda mama yake hahitaji kuitwa.

Hakunichukua nikaishi naye. Mambo hayakuwa hivyo kwetu, na miwani nayo ilichukua miaka miwili mingine na safari ndefu. Nilirudi dunguni, nikagonga debe. Lakini miezi yake ya kuja alikuja, na kuanzia mbali, kabla hata ya harufu, nilisikia sauti ikipita juu ya mbaazi: "Somoe! Ni mimi, mama yako! Nipo huku kwenye mbaazi, nakuja!" Majirani walimcheka kwamba anajitangaza kama muuza samaki. Hakujali.

Miwani ilipofika, yenye vioo vizito na mkono mmoja uliofungwa uzi, nilipanda dunguni mwezi wake wa kuja, nikakaa macho njiani. Nilimwona akitokea. Nilimwona mzigo kichwani, nilimwona akifuta jasho, nikaona hata kifurushi cha majani ya mgomba. Kisha akasimama pale pale mbaazi zilipoishia, akavuta pumzi, akaanza kuniita.

Sikumwambia kwamba nimekwisha kumwona. Nilitulia juu ya dungu nikamwacha aite mpaka mwisho.